Tumbo limepunguzwa, matatizo yamekufuata Lubumbashi: mwongozo kamili wa kupona

Mtu wa Lubumbashi anayetaka kupasuliwa ili apunguze uzito mara nyingi huenda mbali: Uturuki, India, Tunisia, Afrika Kusini. Analala hospitalini siku chache, anashuka uwanja wa ndege wa Luano na miwani ya jua, na nyumbani anasema alikwenda kununua bidhaa. Siri hiyo ina sababu zake. Kwetu mwili mnene bado ni ushahidi wa maisha mazuri, na anayekonda ghafla majirani humsingizia ugonjwa kabla hajafika mlangoni kwake.

Lakini matatizo yakija hayasubiri uwe tayari kusema. Yanakukuta mtaani Katuba au Golf, saa nane usiku, na munganga (daktari) wa zamu anapokea mgonjwa anayetapika, mwenye joto, asiyeeleza lolote. Atafanya anachofanya kwa kila mgonjwa wa namna hiyo: kipimo cha malaria, Widal ya taifodi, serumu (dripu) ya glukozi, sindano ya diklofenaki ya maumivu. Kwa mtu mwenye mfuko wa chakula uliokatwa, viwili vya kwanza vinaweza kupoteza muda na viwili vya mwisho vinaweza kumuumiza. Munganga hana kosa, hakuambiwa.

Ndiyo maana mwongozo huu unaanza na karatasi kabla ya kufika kwenye dawa. Hauchukui nafasi ya mpasuaji wako. Unakusaidia kufika kwake, au kwa mwenzake wa hapa, ukiwa bado na nguvu.

Hatua ya 1: Jua ulichofanyiwa, kwa jina

Wapo wanaojua bei ya opereshoni yao hadi dola ya mwisho lakini hawajui jina lake. "Walinipunguza tumbo" haimsaidii anayekutibu, kwa sababu kila aina ina matatizo yake.

Slivu ni ile ambayo robo tatu au zaidi ya mfuko wa chakula inakatwa na kutolewa, kinabaki kitu chembamba kama mrija. Utumbo hauguswi. Hapa hofu kubwa ni kuvuja kwenye mstari wa pini, hasa juu karibu na koo la chakula, kisha mrija kubana katikati, na kiungulia kikali.

Baipasi ni ile ambayo mpasuaji anatengeneza kifuko kidogo, kama mililita 30, anakiunganisha moja kwa moja na utumbo mwembamba. Chakula kinaruka sehemu kubwa ya mfuko na mwanzo wa utumbo. Maungio yanaweza kuvuja, kubana au kutoka kidonda. Utumbo unaweza kunaswa kwenye uwazi uliobaki ndani. Na mwili unachukua chuma, kalsiamu na vitamini B12 kwa shida maisha yote. Ipo pia baipasi ya kiungo kimoja, ambayo inaweza kurudisha nyongo juu.

Bendi, ile pete ya kubana, haiwekwi sana siku hizi. Ukiwa nayo na hata mate hayapiti, dawa ya kwanza ni kuitoa maji yaliyomo ndani yake, na inafanywa siku hiyohiyo.

Hatua ya 2: Karatasi moja, mtu mmoja

Kabla hujatoka huko ulikopasuliwa, dai vitu vitatu: ripoti ya opereshoni, barua ya kutoka hospitalini, na namba ya simu ya timu ambayo kweli inajibiwa. Omba viandikwe kwa Kifaransa, au angalau Kiingereza. Ripoti ya Kituruki haitasomwa usiku kwenye chumba cha dharura. Kama umesharudi na huna kitu, andika leo kuomba. Hospitali inatakiwa kuwa na faili lako.

Kisha tengeneza karatasi ya ukurasa mmoja, kwa Kifaransa, yenye maneno machache. Moja ikae kwenye pochi, picha yake kwenye simu. Iseme:

- Aina ya opereshoni, tarehe, mji na namba ya mpasuaji.
- Moyo wangu ukipiga zaidi ya 120 kwa dakika nikiwa nimepumzika, tafuteni uvujaji au damu iliyoganda kwenye mapafu, hata kama kipimo cha malaria ni chanya.
- Kama nimetapika siku kadhaa, nipewe vitamini B1 kwa mshipa kabla ya glukozi au pamoja nayo.
- Nisipewe diklofenaki, ibuprofeni wala dawa za jamii hiyo.
- Mpira wa puani kwenda tumboni usiingizwe kwa kukisia. Muulizeni mpasuaji kwanza.
- Dawa ninazotumia, zinazonidhuru, na kundi langu la damu.

Halafu chagua mtu mmoja wa nyumbani ajue kila kitu. Mume, yaya (kaka au dada mkubwa), mtoto mkubwa, rafiki mnayeaminiana. Si lazima awe mama mkwe. Huyo ndiye atakayesema badala yako siku utakaposhindwa kusema, na ndiye atakayetoa karatasi wakati wengine wanabishana kama wakupeleke hospitali au kwenye maombi. Mwonyeshe ilipo. Hao wengine waambie unachotaka.

Hatua ya 3: Hesabu mapigo ya moyo kila siku

Watu wanangoja homa. Uvujaji mara nyingi huanza na moyo kwenda mbio, na homa inafuata baadaye au haifuati kabisa. Kwa mtu mnene hata tumbo haliwi gumu kama vitabu vinavyosema, kwa hiyo akibonyezwa anaweza kuonekana mzima. Mapigo ndiyo yanayotoa habari mapema.

Kaa kitini dakika kumi bila kuongea na simu. Geuza kiganja juu, weka kidole cha shahada na cha kati kwenye kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba. Usitumie gumba kupima, lina mapigo yake lenyewe. Hesabu dakika nzima kwa saa ya simu. Andika kwenye daftari asubuhi na jioni: mapigo, joto, kiasi ulichokunywa, mara ulizokojoa, na rangi ya mkojo. Fanya hivyo mwezi mzima wa kwanza. Kama unatumia dawa za presha za kupunguza mwendo wa moyo, andika hilo juu ya ukurasa, kwa maana zinaweza kuficha dalili hii.

Yakikaa juu ya 100 kwa saa kadhaa huku umepumzika na umekunywa vizuri, mpigie mpasuaji. Yakifika 120, nenda hospitali sasa hivi. Nenda vilevile kama una maumivu ya tumbo yanayozidi badala ya kupungua, maumivu ya bega la kushoto yasiyoeleweka, pumzi fupi, kutetemeka kwa baridi, au ile hofu ya ghafla kwamba kuna kitu kibaya. Uvujaji mwingi hujitokeza ndani ya wiki 2 za kwanza, lakini wa slivu unaweza kuchelewa hata zaidi ya mwezi, wakati umeshaanza kujisifu kwa marafiki.

Sasa jambo la malaria. Hapa kwetu kipimo cha haraka kinaweza kutoka chanya kwa mtu ambaye tatizo lake ni jingine. Tena vipimo vingi vya haraka hubaki chanya kwa wiki kadhaa baada ya malaria kutibiwa. Kwa hiyo kikiwa chanya, tibu malaria na uendelee kutafuta. Widal, mimi nisingeipa uzito wowote katika hali hii. Kinachohitajika ni picha ya damu (hesabu ya chembe zake), kipimo cha CRP kinachoonyesha uvimbe au maambukizi mwilini, na skana ya tumbo, ikiwezekana pamoja na dawa ya kunywa inayoonekana kwenye picha. Ekografi, ile picha ya mawimbi ya sauti, peke yake haitoshi kuondoa shaka ya uvujaji. Na skana ikiwa safi huku mgonjwa anazidi kuharibika, mpasuaji anaweza kuamua kuingia na kamera aangalie mwenyewe. Usishangae, ndiyo kazi nzuri.

Kuna mambo mengine mawili ya mwezi wa kwanza.

La kwanza ni damu kuganda mguuni na kupanda kwenye mapafu. Ni mojawapo ya sababu kubwa za vifo baada ya upasuaji huu, na safari ndefu ya ndege kupitia Addis Ababa au Nairobi inaongeza hatari. Sindano za tumboni za kuzuia damu isigande zimalizwe siku zote zilizoandikwa. Watu huziacha wakifika nyumbani kwa sababu zilibaki kwenye sanduku, au hakuna wa kuwachoma. Ndani ya ndege tembea kila baada ya saa moja au mbili. Mguu mmoja ukivimba na kuuma kuliko mwingine, au kifua kikichoma unapovuta pumzi, hiyo ni dharura.

La pili ni kutoka damu. Kutapika damu, choo cheusi chenye kunata kama lami na harufu kali, kizunguzungu unaposimama. Vidonge vya chuma pia hufanya choo kiwe cheusi, lakini havikulegezi magoti wala havipandishi mapigo.

Hatua ya 4: Ukitapika, fikiria B1 kabla ya kitu kingine

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ni jambo ambalo hata wahudumu wazuri linawapita.

Vitamini B1, yaani tiamini, haihifadhiwi sana mwilini. Akiba yake inatosha kama wiki 2 au 3. Mtu aliyepasuliwa, anayekula vijiko vichache na kutapika kila siku, anaimaliza haraka. Kwanza anachoka, hamu ya kula inapotea kabisa, miguu inawaka na kufa ganzi. Kisha macho yanaanza kuona vitu viwiliviwili au yanachezacheza yenyewe, anatembea kama mlevi, anachanganya majina ya watoto wake. Nyumbani watasema amerogwa, au malaria imepanda kichwani. Ubongo unadhurika, na ukicheleweshwa kumbukumbu inaweza isirudi tena.

Hatari inaongezeka kwa tendo la huruma: serumu ya glukozi. Mwili unahitaji B1 ili kutumia sukari. Ukimwagiwa sukari bila B1, ile akiba ndogo iliyobaki inaisha na mgonjwa anaweza kuharibika ndani ya muda mfupi. Na glukozi iko kila mahali katika vituo vyetu. Hata kwinini ya mshipa huchanganywa ndani yake.

Kwa hiyo, umetapika zaidi ya siku 2 au 3, fuata mpangilio huu. Nenda kituo cha afya ukiwa na karatasi yako. Omba maji ya mshipa yawe ya chumvi au ringa (Ringer). Omba B1 kwa mshipa au kwa sindano ya msuli. Dalili za macho, mwendo au akili zikiwepo, inahitajika kwa wingi, mamia ya miligramu kwa siku, kwa siku kadhaa. Kidonge kimoja cha multivitamini si tiba ya hali hiyo. Ampuli za B zilizochanganywa zina viwango tofauti, soma lebo uone B1 ni miligramu ngapi. Kama sukari ya damu imeshuka, glukozi haikataliwi wala haicheleweshwi: vinatolewa pamoja. Baada ya hapo ndipo sababu ya kutapika inatafutwa, na kutapika kuna sababu.

Mara nyingi sababu ni kula haraka au kingi mno, na hilo linaonekana kwenye daftari. Lakini ikiwa wiki ya nne hadi miezi 3 baada ya baipasi ulikuwa unameza vyakula laini na sasa hata supu inarudi, maungio yamebana. Fibroskopi, mrija wenye kamera unaopita mdomoni, inaona na kupanua kwa puto, wakati mwingine mara zaidi ya moja. Ni kazi ya dakika chache na mtu anarudi kunywa siku hiyo. Slivu iliyobana katikati nayo hupanuliwa, ingawa inaweza kuhitaji opereshoni nyingine.

Hatua ya 5: Kama umethibitishwa una uvujaji

Tiba ina sehemu nne, na inafaa uzijue ili uulize kila asubuhi imefikia wapi. Antibiotiki kwa mshipa. Kutoa uchafu nje ya tumbo kwa mpira, au kwa kufunguliwa upya ukiwa na hali mbaya. Kulishwa bila kupita kwenye tundu, kwa mpira unaoingia kwenye utumbo mwembamba au kwa mshipa. Na mwisho tundu lenyewe, ambalo huachwa lijifunge au husaidiwa kwa fibroskopi, kwa kuweka mrija wa kuziba au vimipira vidogo vya kuchuja kuelekea ndani. Hii ya mwisho haifanywi kila mji. Muulize mpasuaji wa hapa waziwazi kama anaweza au akupe rufaa. Asiyekasirishwa na swali hilo ndiye wa kubaki naye.

Rufaa inapangwa wakati mgonjwa ametulia: presha imekaa sawa, antibiotiki zimeanza, usaha umetolewa. Kumpakia kwenye gari kwenda mpakani Kasumbalesa akiwa na mapigo 140 ni kumuua njiani kati ya foleni za malori. Pasipoti, kadi ya homa ya manjano na viza ya Afrika Kusini vinachukua muda, basi yule mtu wako mmoja aanze kuvishughulikia siku ya kwanza, hata kama havitatumika.

Uponaji unaweza kuchukua wiki kadhaa au miezi. Ukitoka hospitali na dreni (ule mpira wa kutoa uchafu) mwilini, imwage kila siku saa ileile, pima kwa kikombe chenye alama, andika mililita na rangi. Kioevu kikipungua na kuwa angavu, habari njema. Kikibadilika kuwa cha kijani, cha usaha, au ukiona juisi uliyokunywa inatokea huko, piga simu. Dreni ikikauka ghafla huku joto linapanda, inawezekana imeziba. Ngozi inayoizunguka ioshwe kwa maji yaliyochemshwa na sabuni, ikaushwe, ipakwe krimu ya zinki kama inachomeka.

Mpira wa kulishia ndani ya utumbo unaziba kirahisi. Pitisha mililita 30 za maji safi kabla na baada ya kila mlo na kila dawa. Usipitishe uji wa kawaida hata ukichujwa. Ukiziba mpira utarudi hospitali kwa ajili ya kijiko cha unga. Tengeneza maziwa ya kulishia ya kutosha muda wa saa 4 tu, hasa umeme unapokatika na friji ni kabati.

Hakuna anayekuambia jinsi misuli inavyoyeyuka kitandani. Anza kukaa kitini mapema, kisha hatua kumi hadi mlangoni, kisha uani. Mtu anaweza kukonda kilo nyingi kwa njia hii na wageni wakampongeza. Ni misuli inayokwenda, na inarudishwa kwa protini na kutembea.

Hatua ya 6: Kurudi kunywa, kisha kula

Maji kwanza. Chukua kile kikombe kidogo cha dawa ya watoto, kijaze mililita 30, na ukinywe kwa midomo midogo ndani ya robo saa. Ukifanya hivyo kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa mbili usiku, umefikisha karibu lita 1.7 bila kuona umekunywa. Maji ya kuchemsha, chai nyepesi, supu ya kuku iliyochujwa, au maji ya ORS kama ulitapika. Sukre (soda) za chupa, hapana: gesi inatanua na sukari inakuangusha. Munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi, wenye sukari nao usubiri.

Hatua za chakula za kawaida ni vinywaji kwa wiki 2, vya kupondwa hadi wiki ya 4, laini hadi ya 6 au 8. Matatizo yakitokea unarudishwa nyuma hatua moja au mbili, na mpasuaji ndiye anayesema lini upande tena.

Lengo ni protini gramu 60 hadi 80 kwa siku, na linafikika bila poda za dola nyingi. Yai moja lina kama gramu 6. Samaki Thomson aliyechemshwa, akatolewa miiba yote na kupondwa na supu yake, anatoa zaidi ya gramu 20 kwa kila gramu 100. Ndakala (dagaa) wakavu wakikaangwa bila mafuta, wakasagwa na kuchekechwa, kijiko cha unga wake kinaingia kwenye supu yoyote. Uji wa soya usio na sukari, maziwa ya mgando, maharage yaliyomenywa ganda na kusagwa. Viwavi vikavu vina protini nyingi, lakini ngozi yao ni ngumu. Waloweke, wachemshe sana, wasage, na wangoje hadi mwezi wa 3.

Bukari, ugali wetu, ndiyo kesi ngumu. Tonge linaingia laini, linakaa kama udongo kwenye mrija, na ukinywa maji juu yake unaongeza shinikizo. Wengi wanaokuja kulalamika "nimeziba" wamekula bukari mapema. Iache hadi mpasuaji akuruhusu vyakula vigumu, kisha uanze na tonge la ukubwa wa kidole gumba, baada ya samaki, si kabla. Sombe (majani ya muhogo) itwangwe hadi nyuzi zipotee na mafuta ya mawese yawe ya kugusia tu. Kwenye sahani ya pamoja hutaweza kujizuia; chukua kisahani chako. Tafuna, weka kijiko chini, na usinywe kwa nusu saa baada ya kula.

Ukila kitu kitamu na baada ya dakika 10 hadi 30 moyo unakwenda mbio, jasho linakutoka, tumbo linakata na unaharisha, hiyo ni damping: sukari imemwagika kwenye utumbo kwa kasi. Lala kidogo, itapita. Ikija saa 1 hadi 3 baadaye kwa kutetemeka na giza machoni, sukari ya damu imeshuka. Pima kama una mashine, rekebisha kwa sukari kidogo, kisha ule protini mara moja. Ikirudiarudia, usizoee, ina tiba.

Hatua ya 7: Simama mbele ya farmasi ukijua unachokataa

Diklofenaki, ibuprofeni na aspirini za maumivu zinauzwa hapa kama pipi. Kwa mwenye baipasi zinaweza kuleta kidonda kwenye maungio, na kidonda hicho kinaweza kutoa damu au kupasuka. Parasetamoli inatosha kwa maumivu mengi. Kama aspirini ndogo ni ya moyo na umeandikiwa, usiiache mwenyewe, zungumza na daktari. Sigara inafanya kazi ileile ya kuleta kidonda. Dalili ni maumivu makali chini ya kifua, kichefuchefu, chakula kinachouma kinaposhuka. Tiba ni omeprazoli kwa muda mrefu, kapsuli ikifunguliwa ili ichukuliwe vizuri zaidi, sukralfati, na kutibu bakteria wa tumboni kama yupo.

Dawa za kisukari na presha zinazidi mwili unapopungua. Ukiwa bado unameza glibenklamidi ya zamani huku unakula vijiko vitano, sukari inaweza kushuka hadi kuzimia. Dawa za kukojoza nazo zinakausha anayetapika. Kipimo kirekebishwe na daktari tangu wiki ya kwanza, kisha tena kila mwezi.

Mitishamba ya kusafisha tumbo, kuharisha, na zile lavema (maji ya kuingizwa njia ya haja kubwa) za pilipili au tangawizi ambazo shangazi atakuletea kwa upendo: hapana. Pombe inapanda kichwani haraka kuliko zamani na inakaa zaidi, na wapo waliobadilisha chakula kwa chupa bila kutambua. Lutuku, pombe kali ya kienyeji, usiiguse.

Hatua ya 8: Maumivu yanayokuja baadaye

Mwaka wa kwanza, kukonda kwa kasi huzaa mawe kwenye kifuko cha nyongo. Maumivu chini ya mbavu za kulia baada ya mafuta, ekografi inayaona vizuri. Wengine hupewa asidi ya ursodeoksikoliki kwa miezi 6 kuyazuia, uliza.

Lililo baya zaidi ni utumbo kunaswa ndani baada ya baipasi. Linaweza kutokea miezi au miaka baadaye, pale mafuta ya ndani yanapopungua na uwazi kufunguka. Maumivu ya kukata juu ya kitovu, yanakuja baada ya kula, yanapita, yanarudi. Mtu anaambiwa ni gesi. Skana inaweza isionyeshe kitu. Maumivu yakiwa makali na hayaachi, ni kazi ya mpasuaji saa hiyohiyo, kwa sababu utumbo ulionaswa hufa ndani ya saa chache. Mweleze neno hili: baipasi. Bila hilo hatafikiria.

Nywele zitakatika kati ya mwezi wa 3 na wa 6, na zitarudi kama protini na chuma vipo. Suka nywele kwa wepesi na usivute.

Huzuni nayo ni dalili. Mtu aliyelipa pesa nyingi ili awe mzima, akarudi na mpira ubavuni, ana haki ya kulia. Ikizidi wiki kadhaa, usingizi ukapotea, mtu akasema afadhali asingekuwepo, hiyo inahitaji mhudumu wa afya ya akili sawa na usaha unavyohitaji dreni.

Hatua ya 9: Damu, vitamini, na mimba

Pima damu mwezi wa 3, wa 6, wa 12, kisha kila mwaka: picha ya damu, feritini, B12, foleti, vitamini D, kalsiamu, albumini, figo, ini. Kama maabara ya mtaa haina B12 na vitamini D, usiruke. Tafuta maabara kubwa mjini mara moja kwa mwaka.

Kila siku, maisha yote: multivitamini yenye B1, kalsiamu miligramu 1200 hadi 1500 ikigawanywa mara 2 au 3, bora ya sitrati, vitamini D, kwa kawaida 3000 IU, chuma, na mwanamke anayepata hedhi anahitaji miligramu 45 hadi 60. B12 ya kumeza mikrogramu 350 hadi 1000 kwa siku, au sindano ya 1000 kila mwezi, ambayo kwa hapa ni rahisi kukumbuka na bei yake inavumilika. Chuma na kalsiamu viachane kwa saa 2, na chuma kisimezwe na chai.

Uzito ukishuka, uzazi huamka. Mwanamke aliyekaa miaka bila kushika mimba anaweza kushangaa mwezi wa 4. Subiri miezi 12 hadi 18. Vidonge vya kuzuia mimba havichukuliwi vizuri baada ya baipasi au unapotapika, kwa hiyo kijiti cha mkononi au kitanzi ni salama zaidi. Mimba ikishaingia, onyesha ile karatasi yako siku ya kwanza ya kliniki. Wakikuandalia kipimo cha kisukari cha kunywa glukozi, omba badala yake kupima sukari ya kidole nyumbani kwa wiki moja, kabla na baada ya kula, kati ya wiki ya 24 na ya 28. Na mjamzito mwenye baipasi akishikwa na maumivu ya juu ya tumbo yasiyoachia, aonwe na mpasuaji siku hiyo, hata kama mkunga anasema mtoto anageuka.